Nani Alikula Msitu? Historia Niliyoikuta kwenye Njia za Karura

Sisi wa kambini tukisikia neno msitu hatufikirii matembezi. Wengi wetu msitu tuliuingia usiku, watoto mgongoni, bila kujua njia inatokea wapi. Kwa wengine msitu ni kuni: masaa mengi ya kutembea, mzigo kichwani, na hofu ya nani atakukuta huko. Kwa hiyo ukimwambia mama wa hapa Kakuma kwamba Nairobi kuna msitu ambao watu wanalipa pesa ili waingie, wazunguke kwa miguu, halafu watoke mikono mitupu, atakucheka. Hata mimi nilicheka. Lakini msitu huo, unaoitwa Karura, nimeutembea. Nilichokikuta huko kinatuhusu sisi wakaazi wa kambi, na kinawahusu pia ndugu wanaotuhudumia, kwa sababu ni historia ya swali ambalo tunaulizwa kila mwaka: nani anamaliza miti?

Karura iko ndani ya jiji, upande wa kaskazini, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu. Kipande chake kingine, Sigiria, kiko ng'ambo ya barabara ya Limuru. Ukubwa wake ni kama hekta 1,041. Majirani zake ni Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa ya mabalozi na watu wenye uwezo, na makao ya Umoja wa Mataifa ya Nairobi yako hapo hapo Gigiri, karibu kabisa na miti. Serikali ya kikoloni iliitangaza rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Ndani kuna njia za miguu na za baiskeli zinazozidi kilomita 50. Kwenye njia panda kuna nguzo yenye namba. Unaitafuta namba hiyo kwenye ramani, unajua uko wapi.

Nilikuwa Nairobi kwa pasi ya siku chache, kwa ajili ya matibabu. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Kayole, penye Wakongomani wengi. Siku moja kabla ya safari ya kurudi akaniambia, "Yaya, usirudi kwa vumbi bila kuona miti. Twende." Kwetu yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto kama wanavyosema Wakenya, na ndani ya matatu watu waligeuka kututazama kila aliponiita.

Tulishuka barabara ya Limuru, mbele ya geti. Ukigeuka nyuma, ng'ambo ya barabara, unaona ubalozi wa Ubelgiji. Tulicheka tena, maana hata kwetu Kivu ukianza kuuliza historia ya msitu, Mbelgiji utamkuta mlangoni. Nitarudi kwa hilo.

Malipo ya kuingia yana bei tatu: ya raia, ya mkaazi na ya mgeni. Binti wa getini akauliza, "Nyinyi ni raia, wakaazi ama wageni?" Nikamjibu, "Sisi ni wakimbizi, dada." Akaziangalia kadi zetu, akatabasamu. "Hiyo haiko hapa. Wacha niwaweke wakaazi." Tukalipa bei ya wakaazi. Niko Kenya tangu 2013, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mkaazi bila kuitisha kikao.

Ukishaingia, kelele za magari zinapungua polepole mpaka unasikia ndege. Njia ni ya udongo mwekundu, pana, inashuka kuelekea mto. Kuna kima kwenye matawi, na mbega weusi kwa weupe, ambao walipotea zamani wakaja kurudishwa kutoka upande wa Kipipiri. Watu wanakimbia mazoezi, wengine wanatembeza mbwa, familia zimetandika shuka kwenye nyasi. Tulipita maporomoko ya maji ya mto Karura, tukapita mianzi, tukafika kwenye mapango. Yanasimuliwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mdogo wangu aliingiza kichwa pangoni, akatoka kimya. Wote wawili tunajua maana ya kulala mahali kama pale.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi hakikuwa mapango wala maporomoko. Ilikuwa ni jinsi miti ilivyosimama. Sehemu moja unaona msitu wa asili: mihugu na miti mingine ya zamani, iliyopinda, iliyobanana, yenye mizabibu ya porini. Ukitembea kidogo, mambo yanabadilika. Miti imenyooka kwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Hiyo ni mikaratusi, mti wa Australia. Haikujipanda.

Historia yake ni hii. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na ikafika Kisumu, kwenye ziwa, mwaka 1901. Treni za wakati ule ziliendeshwa kwa moto. Makaa ya mawe yalikuwa ya kununua mbali, kwa hiyo gari moshi lilikula kuni. Miti ya asili iliyokuwa karibu na reli ikakatwa, na pale ilipoanza kupungua, wakoloni wakapanda mikaratusi, mti unaokua haraka, katika misitu iliyozunguka Nairobi, Karura ikiwemo, ili treni isikose chakula. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachoonekana leo kama pori la matembezi ilianza maisha yake kama shamba la kuni.

Hapo nilisimama kidogo. Miaka yote hii, kwenye mikutano na kwenye mabango, picha ya adui wa msitu ni moja tu: mwanamke mwenye mzigo wa kuni mgongoni. Sijawahi kuona bango lenye picha ya treni.

Mlaji wa pili wa Karura alikuja baada ya uhuru, na yeye hakutaka kuni. Alitaka ardhi. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya msitu iligawiwa kimyakimya kwa makampuni binafsi ili wajenge nyumba za kifahari. Watu wa kawaida walikuja kujua walipoona miti inaanguka na mashine zinaingia. Profesa Wangari Maathai na vuguvugu lake la Green Belt wakaanza kwenda pale, si na silaha bali na miche. Mnamo Oktoba 1998 umati wa watu uliingia msituni pamoja na wabunge, na vifaa vya ujenzi vikachomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alirudi na wenzake, wakiwemo wabunge na waandishi wa habari, kupanda mti mmoja tu. Walinzi waliokodiwa waliwashambulia kwa mapanga na viboko. Alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, aliweka sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana na jiji likatikisika. Mnamo Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki Septemba 2011. Hiyo sehemu watu wengi wanaijua, inafundishwa shuleni, hata watoto wetu hapa kambini wanaisoma.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni mwanzo wake. Maathai hakuanzia kwenye msitu wa matajiri. Alianzia kwenye kuni. Katika miaka ya 1970 aliwasikiliza wanawake wa vijijini, wakamwambia shida zao: kuni ziko mbali, maji yanapungua, chakula hakitoshi, kwa sababu miti ya karibu imekwisha na mahali pake pamepandwa mazao ya kuuza. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na kutoka hapo vitalu vya miche vikaenea vijijini. Kila mche ulioshika ulimletea mama aliyeuotesha malipo madogo. Wapo wataalamu waliosema wamama wasio na diploma hawawezi kazi ya misitu. Wakaotesha miti kwa mamilioni.

Naomba msomaji atazame mpangilio huo. Mtu aliyeiokoa Karura hakuanza kwa kumwambia mama, "Acha kukata." Alianza kwa kumuuliza, "Unapikia nini?"

Njiani, si mbali na wapita baiskeli, tuliona jengo lenye bomba la moshi. Ni tanuri la zamani ambamo Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikichoma noti zilizochakaa. Mdogo wangu alilitazama sana. "Kumbe hata pesa zilikuwa kuni," akasema. Tukakaa pale tukala mandazi yetu.

Ushindi wa 1999 haukuleta matembezi mara moja. Miaka iliyofuata Karura iliogopwa. Watu waliibiwa humo, maiti zilitupwa humo, miti iliendelea kukatwa usiku. Mtu wa Nairobi aliyepita barabara ya Kiambu jioni alifunga vioo. Mabadiliko yalikuja kwa njia ya sheria na ya watu. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi wanaoishi kandokando ya msitu kuunda chama, kuingia mkataba na serikali, kushiriki kuutunza, na kupata haki fulani ndani yake: kuokota kuni, kuvuna asali, kukata nyasi, kuchukua dawa za miti shamba. Mwaka 2009 kikaanzishwa chama cha Marafiki wa Karura, kwa kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya. Walichanga pesa, wakazungushia uzio wa umeme, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa watu wote.

Lakini uzio peke yake haulindi kitu, sisi tunajua. Upande wa barabara ya Kiambu, kandokando ya msitu, kuna kijiji cha mabati kinachoitwa Huruma. Kwa miaka mingi watu wa pale ndio walionyooshewa kidole. Kuni zikipotea, ni Huruma. Mti ukianguka, ni Huruma. Chama kilipoanza kazi, vijana kutoka Huruma walichukuliwa, wakafunzwa, wakavishwa sare, wakawa walinzi wa msitu ule ule waliokuwa wakishutumiwa kuumaliza. Wanajua kila kichochoro, na wanajua msumeno unalia vipi usiku. Ukitembea Karura leo bila kuogopa, unatembea kwa usalama ambao kijana wa Huruma ni sehemu yake.

Sitaki kuipamba hadithi. Uzio unalinda na pia unafungia nje. Mtu wa Runda analipa getini bila kufikiri. Mama wa Huruma mwenye watoto watano lazima afikiri. Siku ile niliona mbwa wengi wenye afya nzuri kuliko watoto niliowaacha nyumbani. Na msitu ulio katikati ya jiji hauishi kutamaniwa. Kila baada ya muda unasikia habari ya barabara, ya jengo, ya mradi, na watu wanarudi mahakamani. Hata hivyo, funzo la Huruma linabaki: aliyeitwa mwizi alipopewa nafasi na mshahara, wizi ulipungua.

Sasa nirudi kwa Mbelgiji wa pale barabarani.

Mimi ni mtoto wa Rutshuru. Msitu wetu ni Virunga. Wabelgiji waliufanya hifadhi mwaka 1925, wakauita jina la mfalme wao Albert, na ulikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika. Wakulima na wafugaji waliokuwa ndani ya mipaka waliondolewa, na mipaka ikaongezwa tena miaka iliyofuata. Wazee wetu walikua wakijua kwamba upande wa pili wa alama kuna ardhi ya babu zao ambayo mguu wao hauruhusiwi kukanyaga. Ukiingia kuchukua mti wa kujengea, wewe ni jangili. Hakuna aliyewauliza wanapikia nini.

Julai 1994 nilikuwa mdogo, darasa la pili. Kwa siku chache tu, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka wakafika Goma na kusambaa mpaka kwetu: Kibumba, Mugunga, Katale, Kahindo. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, haichimbiki, hata makaburi yalikuwa shida, na kipindupindu kiliua watu wengi kabla ya maji safi kufika. Waliobaki hai walihitaji kupika. Msitu wa Virunga ulikuwa pale pale. Makadirio ya wakati ule yalisema mamia ya tani za kuni zilitoka kila siku. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Nakumbuka maneno ya wakubwa nyumbani. Wakimbizi wamemaliza msitu. Wakimbizi hawana uchungu na nchi, si yao. Wenyeji tulikuwa sisi. Na katika maneno hayo kulikuwa na ukweli: vilima niliviona vikibaki uchi. Lakini kuna mambo ambayo maneno yale yaliacha. Yaliacha kwamba mtu aliyepewa mahindi makavu au maharage bila kuni amepewa kazi ya kukata mti. Yaliacha kwamba wanajeshi na wafanyabiashara waligeuza miti hiyo kuwa makala, yaani makaa kama wanavyosema hapa, na makala yakauzwa Goma mjini, kwa wenyeji wenyewe. Na yaliacha kwamba kambi zilifungwa mwaka 1996, wakimbizi wakaondoka, na moshi wa makala kutoka Virunga haukuisha mpaka leo.

Halafu vita ikatufikia sisi. Mwaka 2012 mji wetu ulichukuliwa, tukavuka Bunagana na mwaka uliofuata nikafika Kakuma. Wiki ya kwanza nilisikia mtu akisema dukani, kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Hawa wakimbizi wamemaliza miti." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sentensi ilikuwa ile ile. Ilikuwa imevuka mpaka pamoja nasi.

Hapa Kakuma historia ni fupi, tunaweza kuihesabu. Kambi ilianza mwaka 1992 na vijana wa Sudan waliokuja kwa miguu. Kanuni ikawa kwamba mkimbizi asikate mti nje ya kambi, kwa sababu miti ya kandokando ya lagga ni uhai wa Waturkana na mifugo yao. Kanuni hiyo ni ya haki. Mashirika yakapanga kununua kuni kutoka kwa wenyeji na kuwagawia wakimbizi. Na hilo pia ni jambo zuri, maana wenyeji wanapata kipato. Lakini mgao haufiki mwisho wa mwezi, na sufuria haijui kanuni. Kwa hiyo mama anauza sehemu ya mtama au anatumia Bamba Chakula yake kwa ujanja ili apate gunia la makaa kutoka kwa mama wa Kiturkana. Huyo mwenye makaa naye amechoma kwa sababu mbuzi wake walikufa kwa ukame. Wote wawili hawana njia nyingine. Ukiandika ripoti yenye jina la mmoja tu, umeandika nusu.

Mti tunaoupikia mara nyingi ni mathenge. Na huo pia si wa hapa. Uliletwa Kenya kutoka Amerika na kupandwa maeneo makavu kuanzia miaka ya 1970 na 1980, ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukaenea kuliko ilivyotarajiwa. Wakazi wa Baringo walifika mpaka mahakamani na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula matunda yake. Leo mathenge unalaaniwa kwenye mikutano na unapika ugali jioni.

Kuna funzo moja zaidi, kutoka Dadaab, ambalo nataka wahudumu wetu walikumbuke. Katika miaka ya 1990 wanawake wengi wa kambi zile walibakwa walipokwenda kutafuta kuni. Mwaka 1998 ukaanzishwa mradi wa kuwapelekea kuni kambini kwa malori. Tathmini iliyofanywa mwaka 2001 ilikuta kwamba kuni zilipotolewa kwa ukamilifu, ubakaji wa wakati wa kuokota kuni ulipungua, lakini ubakaji wa mahali pengine haukupungua, uliongezeka. Maana yake si kwamba kuni zisiletwe. Zije, na zije za kutosha. Maana yake ni kwamba shida ya wale wamama haikuwa kuni peke yake, ilikuwa ni usalama wao na nafasi yao katika maamuzi. Lori linaleta kuni. Halileti nafasi ya mtu kwenye kikao.

Ndiyo maana nimeileta Karura mpaka hapa. Karura haikuokolewa na uzuri wake. Miaka mia moja imepikia treni, imegawiwa, imekuwa mapango ya vita, imetupiwa maiti. Ilianza kupona pale watu watatu walipokutana: mwenye sheria, mwenye pesa, na mwenye kuni. Wakikosekana hata mmoja, msitu hausimami. Virunga ilikuwa na sheria kali tangu 1925 na ilipata pesa kutoka dunia nzima. Mwenye kuni aliachwa nje ya alama, na mpaka leo walinzi wanakufa na msitu unaliwa.

Sasa Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika, na tunaambiwa kambi itakuwa makazi, wenyeji na wakimbizi chini ya mji mmoja. Tunasikia mengi kuhusu shule, hospitali na vibali vya biashara. Kuhusu miti tunasikia kuhusu miche: maelfu ya miche imepandwa, picha imepigwa, fulana zimegawiwa. Miezi sita baadaye ukienda kuangalia, unakuta vijiti. Mti wa hapa haufi kwa kukosa sherehe. Unakufa kwa kukosa mtu anayejua kwamba ni wake, wa kuumwagilia hata siku ambayo maji ya bomba yametoka kidogo.

Kwa hiyo nasema mambo matatu, kwa heshima. La kwanza, kamati yoyote ya miti itakayoundwa hapa iwe na mama mkimbizi anayepika na mama wa Kiturkana anayechoma makaa, wote wawili, wenye sauti na si wa kupigwa picha. La pili, vijana wanaokamatwa na panga huko lagga ndio wa kwanza kufikiriwa kwa kazi ya ulinzi na vitalu, kwa malipo, kama wale wa Huruma. La tatu ni dogo na halihitaji mfadhili mkubwa: tuwe na njia yetu ya kutembea. Kandokando ya lagga ya Tarach bado kuna miti mikubwa ya kivuli. Tuweke nguzo zenye namba, Waturkana watupe majina ya miti na kazi zake, wanafunzi wa shule zote wapitishwe pale mara moja kwa muhula. Mtoto aliyejua jina la mti na akajua nani anaulia matunda yake, ni vigumu kumwambia kwamba ule ni kuni tu.

Na kwa sababu gazeti hili ni la kuandika, naomba tuandike na hii. Wapo kati yetu waliofika mwaka 1992 na 1993 na bado wako Kakuma One. Wapo wazee wa Kiturkana waliolisha mbuzi hapa kabla ya hema la kwanza. Wanakumbuka mti gani ulisimama wapi, nani aliukata, na ulipikia nini. Mwenye babu au jirani wa namna hiyo akae naye jioni moja, aandike, kwa lugha yoyote, alete kwa wahariri. Mtu mwingine atakapokuja kuandika nani alimaliza miti ya Kakuma, akute kwamba sisi tumeshaanza hesabu, na treni iko ndani yake.